Hadithi za Kesho na Mashini za Leo



Jioni moja nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha chai huko Sofia, Busia, upande wa Uganda, pamoja na watu watatu waliokuwa wametoka kazini. Mmoja ni mkata miwa, wa pili ni fundi wa kiwandani kutoka Tororo, na wa tatu ni kijana wa boda boda. Mazungumzo yalikuwa juu ya mashini ya kuvuna miwa ambayo mkata miwa huyo alikuwa ameiona kwenye picha ya simu. Akaniuliza, "Ndugu, wewe unayesoma magazeti, hebu niambie. Hizi mashini huanzia wapi? Zinaanza kiwandani, au zinaanza kichwani mwa mtu?" Kabla sijajibu, kijana wa boda boda akasema, "Zinaanza kichwani mwa tajiri!" Sote tukacheka, chai ikanywewa, na giza likaingia.

Swali lile lakini halikunitoka. Nimelichunguza, na leo nataka kumjibu ndugu yule mbele yenu nyote. Jibu ni kwamba mashini nyingi kubwa za dunia hii zilianza kama hadithi. Kabla ya fundi kushika nyundo, alikuwako mtu aliyeandika kitabu au mchezo wa kuigiza, akasema, "Siku moja itakuwa hivi." Na tukizitazama vizuri hadithi hizo, tutaona pia ni kitu gani waliozitumia walichukua, na ni kitu gani walikiacha nyuma. Hapo ndipo penye habari inayotuhusu sisi.

NYOKA WA CHUMA

Tuanze nyumbani. Mtu akisimama Malaba usiku, gari moshi la mizigo linapovuka mpaka kwenda Tororo, husikia ardhi ikitetemeka kabla hajaiona taa. Wazee wengi wa sehemu hizi walilelewa na masimulizi kwamba reli ilionekana na waaguzi kabla haijafika. Kwa Wanandi inasimuliwa kwamba Orkoiyot wao, Kimnyole arap Turukat, alitabiri kuja kwa nyoka wa chuma atakayetoa moto na moshi na kupita katikati ya nchi. Kimnyole aliuawa mwaka 1890. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliyewaongoza Wanandi kuipinga serikali ya kikoloni na reli yake, aliuawa mwaka 1905. Baadaye ilijengwa njia nyingine kupitia Eldoret na Tororo, nayo ikafika Jinja mwaka 1928 na Kampala mwaka 1931.

Sina haja ya kubishana na mtu kama utabiri huo ulikuwa wa kweli au uliongezwa chumvi baadaye. Ninachotaka tukione ni kimoja. Masimulizi yale yalikuwa na mambo mawili ndani yake. La kwanza ni chombo, yaani chuma kinachokwenda chenyewe. La pili ni onyo, yaani kwamba chombo hicho kina mwenyewe, na mwenyewe atataka ardhi na jasho la watu. Waliojenga reli walileta jambo la kwanza. Onyo lililipwa na wenyeji, na vilevile na maelfu ya vibarua waliochukuliwa Bara Hindi kuja kutandika mataruma.

Tushike mambo hayo mawili, chombo na onyo, twende nayo mbele.

KITABU KWANZA, ROKETI BAADAYE

Mwaka 1865 Mfaransa Jules Verne alitoa riwaya juu ya watu wanaosafiri kutoka duniani kwenda mwezini. Katika hadithi yake watu watatu wanarushwa kutoka jimbo la Florida, Marekani, wakiwa ndani ya chombo kilichofyatuliwa na mzinga mkubwa. Katika kitabu kilichofuata chombo hicho kinarudi na kuanguka katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1969, miaka zaidi ya mia moja baadaye, Wamarekani watatu waliondoka Florida hiyohiyo ndani ya Apollo 11. Wawili wao wakatembea juu ya mwezi, na wote watatu wakarudi wakiangukia Pasifiki.

Je, Verne alikuwa mganga? Hapana. Alikuwa mtu aliyesoma hesabu na habari za wataalamu wa wakati wake. Tena alikosea jambo kubwa: mtu akifyatuliwa kwa mzinga namna ile atakufa palepale. Lakini kosa hilo lilizaa faida. Katika Urusi alikuwako mwalimu mmoja wa shule, Konstantin Tsiolkovsky, ambaye masikio yake yaliharibiwa na ugonjwa tangu utotoni. Alisoma hadithi za Verne, akajiuliza: kama mzinga haufai, kipi kitafaa? Akakaa akapiga hesabu, na mwaka 1903 akachapisha maelezo ya jinsi roketi inavyoweza kutoka duniani. Marekani, kijana Robert Goddard alisoma riwaya ya Mwingereza H. G. Wells juu ya viumbe wa sayari ya Mars wanaoishambulia dunia. Haikumtoka moyoni. Mwaka 1926 akarusha roketi ya kwanza inayotumia mafuta ya majimaji.

Hata ile desturi ya kuhesabu kurudi nyuma, kumi, tisa, nane, mpaka sifuri, kabla ya roketi kuruka, ilijulikana kwanza katika filamu. Ilitiwa na Mjerumani Fritz Lang katika filamu yake ya mwaka 1929 juu ya safari ya mwezini, ili watazamaji wakae roho juu. Wenye roketi za kweli wakaifuata.

Hivi ndivyo jambo linavyokwenda. Hadithi haimpi fundi jibu. Inampa swali, na inampa hamu ya kukesha usiku akilitafuta jibu. Mtu asiyewahi kuliwazia jambo hataanza kulipima.

Na msidhani mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha Uhuru wa Kenya, setilaiti ya kuchunguza nyota ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Mwaka 2018 Kenya ilipata setilaiti yake ndogo ya kwanza angani, na mwaka 2022 Uganda nayo ikapata ya kwake. Mtoto wa mkulima wa pamba wa Busia au Tororo anaweza leo kusoma uhandisi wa vyombo hivyo. Mwaka 1865 jambo hilo lilikuwa hadithi juu ya hadithi.

WALICHUKUA KADI, WAKAACHA HAKI

Sasa tuje kwenye mambo ya mfuko na mshahara. Mwaka 1888 Mmarekani Edward Bellamy alichapisha riwaya juu ya mtu mmoja wa mji wa Boston aliyelala usingizi mwaka 1887 akaamka mwaka 2000. Anapoamka anakuta watu hawabebi fedha. Kila mtu ana kadi, na akichukua bidhaa ghalani, thamani yake inakatwa katika kadi hiyo. Muziki unapigwa mbali na kuletwa nyumbani kwa waya. Kadi za kulipia tunazozijua zilianza kuenea Marekani tangu mwaka 1950. Huku kwetu, M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na miaka miwili baadaye Uganda nayo ikaanza kutuma fedha kwa simu. Leo mama muuza samaki Busia hupokea fedha kutoka kwa mteja bila kushika noti. Kweli, ndoto ya Bellamy imetimia.

Lakini ngojeni kidogo. Bellamy hakuandika kitabu chake kwa ajili ya kadi. Kadi ilikuwa kitu kidogo pembeni. Alichokusudia kilikuwa ni kazi na haki. Katika hadithi yake kila mtu hupata fungu sawa la mwaka, awe mhandisi au mfagiaji. Mtu huanza kazi akiwa na miaka 21 na kupumzika akiwa na miaka 45. Tena sikilizeni hili, ndugu wa mashamba ya miwa na ndugu wa matanuri ya saruji: kazi ikiwa nzito au ya hatari, saa zake hupunguzwa mpaka wapatikane watu wa kutosha wanaoitaka kwa hiari. Wafanyakazi wengi wa Marekani walikisoma kitabu hicho, vilabu vikaanzishwa kukijadili, na watu wakakitumia katika siasa.

Kumetokea nini? Mabenki na makampuni yalichukua kadi yakaacha fungu sawa. Fedha imekuwa nyepesi kama hewa, lakini saa za mkata miwa hazikupungua. Zaidi ya hayo, kwa njia ya simu hiyohiyo umekuja mkopo wa usiku wa manane, ambao riba yake humla mtu kabla ya mwisho wa mwezi. Chombo kilifika. Haki iliyoandikwa pamoja nacho iliachwa njiani.

NENO "ROBOTI" MAANA YAKE NI NINI?

Wengi wetu tumelisikia neno roboti tukadhani ni neno la kitaalamu. Sivyo. Ni neno la shamba. Lilianza kutumika kwa maana ya leo katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, mwandishi wa Chekoslovakia, ulioandikwa mwaka 1920 na kuchezwa katika mji wa Prague mwaka 1921. Nduguye Josef ndiye aliyempa neno hilo. Katika lugha yao "robota" ni kazi ya lazima ambayo mkulima maskini alimfanyia bwana mwenye ardhi. Kwa Kiswahili cha zamani tungeiita shokoa. Wazee wa Uganda waliijua kwa jina la kasanvu. Na katika Kenya, miaka hiyohiyo Čapek alipokuwa akiandika, mwanamume Mwafrika alikuwa ameanza kulazimishwa kuvaa kipande shingoni, ili asipate kumtoroka mwajiri. Čapek alikuwa akiandika juu ya mambo ambayo babu zetu waliyajua kwa miili yao.

Katika mchezo huo kuna kiwanda kisiwani kinachotengeneza watu bandia wa kufanya kazi. Hawana mshahara, hawana likizo, hawaugui, hawana chama. Wenye kiwanda wanasema kwamba binadamu sasa atapumzika. Badala yake watu wanakosa kazi, serikali zinawapa maroboti bunduki wapigane vita vyao, na mwishowe maroboti wanaasi na kuwaua binadamu wote isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ni mwashi mzee. Wanamwacha hai kwa sababu anafanya kazi kwa mikono yake kama wao.

Hilo ndilo onyo la Čapek: ukitengeneza mtumwa, usishangae akiasi; na ukimfanya mtu kuwa mtumwa ni vivyo hivyo. Wenye viwanda walifanya nini? Walichukua jina. Mwaka 1961 mkono wa chuma uitwao Unimate uliwekwa katika kiwanda cha magari cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Uliuzwa na Joseph Engelberger, mtu aliyependa sana hadithi za maroboti za Isaac Asimov tangu alipokuwa mwanafunzi.

Tuseme haki yake pia. Kazi ya kwanza ya mkono ule ilikuwa kutoa vyuma vya moto kutoka kwenye mashini ya kusubu. Ni kazi iliyokuwa ikichoma watu na kuwapa moshi mbaya. Ndugu yeyote aliyesimama mbele ya tanuri la saruji Tororo, au kwenye majipu ya moto ya kiwanda cha sukari, hawezi kulia kazi ya namna hiyo ikifanywa na chuma. Mashini inayomwondoa mtu kwenye moto ni rafiki. Shauri ni hili: mtu yule akishaondolewa kwenye moto, anapelekwa wapi? Anafundishwa kazi nyingine, au anapelekwa langoni?

Asimov aliandika mwaka 1942 sheria tatu za maroboti, na ya kwanza inasema roboti lisimdhuru binadamu. Ni sheria nzuri. Lakini Asimov hakusema kama kumpokonya mtu mkate wake ni kumdhuru. Hilo ametuachia sisi.

NYUNDO NA RIWAYA

Mambo haya si mapya. Kati ya 1811 na 1816, mafundi wa nguo wa Uingereza walivunja mashini za kufuma zilizotumiwa kushusha ujira wao. Waliitwa Wa-Luddite. Bunge likapitisha sheria mwaka 1812 kwamba mvunja mashini aweza kunyongwa. Mshairi Byron alisimama katika Baraza la Malodi akaipinga sheria hiyo. Miaka minne baadaye, alipokuwa akikaa kando ya ziwa la Geneva, mgeni wake msichana, Mary Shelley, alianza kutunga hadithi ya Frankenstein, iliyochapishwa mwaka 1818. Ni hadithi ya msomi anayeunda kiumbe, kisha anakiogopa na kukikimbia. Kiumbe hakikuzaliwa kiovu. Kiliharibika kwa sababu muumba wake alikataa kuwa na wajibu nacho.

Huo ndio ugonjwa wa mashini nyingi: aliyeileta hataki kujibu kwa yatakayotokea.

Tumeyaona kwa jirani zetu Kericho. Mashini za kuchuma chai zimekuwa zikileta ugomvi huko kwa miaka mingi, na mwaka 2010 chama cha wafanyakazi wa mashamba kiligoma kwa sababu yake. Mwaka 2023 kikosi kilichoundwa na serikali ya kaunti kilitaja kwamba kazi zipatazo 30,000 zilipotea kwa muda wa miaka kumi. Mwezi wa Mei mwaka huo mashini zikachomwa moto, watu wakaumizwa, na mmoja akapoteza maisha. Maisha hayo hayatarudishwa na mashini yoyote wala na moto wowote. Nyundo na kiberiti ni lugha ya mtu ambaye hakuitwa mezani. Wajibu wa chama ni kuhakikisha mtu huyo anaitwa mezani kabla mashini haijafunguliwa kutoka kwenye sanduku lake. Waliosema kwamba asiyekuwapo na lake halipo hawakukosea.

MWANDISHI WA TORORO

Huenda mtu akasema, "Mambo haya ya vitabu ni ya Wazungu." Nami namjibu: njoo Tororo. Mwandishi Dilman Dila, mzaliwa wa Tororo, ni mmoja wa watu wanaojulikana sana Afrika kwa hadithi za namna hii. Mwaka 2013 alikuwa katika orodha ya walioteuliwa kugombea tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola, na mwaka 2014 akatoa kitabu chake cha hadithi, A Killing in the Sun. Katika hadithi mojawapo mbu waliobadilishwa na wataalamu wa kampuni ili kuikomesha malaria wanageuka kuwa wauaji wa watu kijijini.

Kwa mtu wa Tororo habari hiyo si mzaha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba mtu mmoja Tororo alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara moja kila usiku. Tangu mwisho wa 2014 nyumba zilianza kupulizwa dawa, na ugonjwa ukapungua sana kwa miaka iliyofuata. Nao wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, huko Entebbe, wameshiriki katika mradi wa kimataifa unaochunguza njia ya kubadilisha mbu ili wapungue. Hadithi na maabara zinatazamana uso kwa uso. Mwandishi hasemi sayansi isifanywe. Anauliza: likiharibika, nani atajibu? Kampuni iliyo mbali, au mwanakijiji asiye na chandarua? Ni swali lilelile la Mary Shelley, limevaa nguo za Tororo.

Yuko pia Mkenya Wanuri Kahiu. Filamu yake fupi Pumzi, ya mwaka 2009, inaonyesha Afrika Mashariki baada ya vita vya maji, ambako watu wanaishi ndani ya majengo, kila tone linapimwa, na jasho la mtu linachujwa linywewe tena. Katika Kiswahili, Shaaban Robert alichora nchi ya Kusadikika iliyo angani, ambako wajumbe sita waliotumwa kutafuta mambo mema ya nchi nyingine wanaporudi nayo hutiwa gerezani. Katama Mkangi naye, katika Walenisi ya mwaka 1995, anamrusha mtu aliyehukumiwa ndani ya chombo cha angani mpaka anaifikia nchi ya usawa. Soma jina la nchi hiyo polepole: wale ni sisi. Hao ni waandishi wetu. Mashini kwao ni njia tu ya kuuliza habari ya utu.

MTU NDANI YA SANDUKU

Siku hizi tunaambiwa kwamba ziko kompyuta zenye akili, zinazosema na kuandika kama mtu. Hiyo nayo ilikuwa hadithi kwa muda mrefu. Mwaka 1770 fundi mmoja wa Hungaria, Wolfgang von Kempelen, alionyesha mbele ya malkia wake sanamu yenye kilemba iliyocheza sataranji na kuwashinda watu. Wafalme wakastaajabu. Siri yake ni kwamba ndani ya sanduku alikuwa amejificha mtu.

Kompyuta za leo si uongo kama sanamu ile, kwa maana mashini yenyewe inafanya kazi kweli. Lakini mtu ndani ya sanduku yuko bado. Maelfu ya vijana wa Nairobi na Kampala wamekaa mbele ya vioo wakiisomesha mashini: hii ni picha ya gari, hii ni ya mtoto, maneno haya ni matusi, haya ni ya mauaji. Wengine wameangalia mambo machafu kutwa nzima kwa ujira mdogo mpaka akili zao zikaugua. Hao ni wafanyakazi kama sisi. Siku ya Wafanyakazi, tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya 150 kati yao walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Kwa hiyo ukisikia kwamba kompyuta inajifunza yenyewe, uliza kwanza ni nani aliyeifundisha, na alilipwa kiasi gani.

HATA SISI TUMEBUNI

Kijana wa boda boda aliyecheka pale Sofia hajui pengine kwamba amekalia uvumbuzi wa mji wake. Zamani, kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda palikuwa na mwendo wa kutembea kwa miguu na mizigo kichwani. Vijana wa mpakani wakatia kiti cha nyuma kwenye baiskeli wakawa wanaita abiria kutoka "boda" mpaka "boda". Baiskeli ikawa pikipiki, jina likaenea Afrika Mashariki nzima na hata mbali zaidi. Hapakuwa na kampuni wala mtaalamu wa ng'ambo. Palikuwa na mtu aliyeitazama shida ya kila siku akaiona namna nyingine.

Tangu Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipozindua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka wa Busia, msafiri anamaliza shughuli za nchi mbili mahali pamoja. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mtu angelitaja jambo hilo angeambiwa anaota ndoto. Basi kuota si kazi ya wavivu.

TUFANYE NINI?

Ndugu, najibu sasa swali la mkata miwa. Mashini huanzia kichwani. Lakini si lazima iwe kichwa cha tajiri peke yake. Anayeisimulia kesho ndiye anayeipanga kesho. Tukiwaachia wengine kazi ya kusimulia, tutajikuta ndani ya hadithi yao tukiwa vibarua wasio na majina. Nashauri mambo matatu.

Kwanza, tusome, na tusomeshe. Kila tawi la chama liwe na sanduku la vitabu, hata kama ni kumi tu. Asiyejua kusoma asomewe wakati wa mapumziko. Watoto wetu wasikatazwe hadithi za ajabu kwa kuambiwa kwamba ni upuuzi. Tsiolkovsky alianza na upuuzi huohuo.

Pili, mashini mpya ikitajwa kazini, mjumbe wa chama aulize mapema: inamwondoa nani, na anapelekwa wapi? Faida yake inagawanywa vipi? Ikimdhuru mtu, nani anajibu? Majibu yaandikwe katika mapatano ya pamoja, yasibaki midomoni. Tena sheria ipo. Katika Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu ya kazi kwisha akiarifu chama na afisa wa kazi si chini ya mwezi mmoja kabla, akieleza sababu, na amlipe kila anayeondoka si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Katika Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri anayeachisha watu kumi au zaidi kwa sababu kama za mitambo mipya awape taarifa wawakilishi wa chama na Kamishna wa Kazi. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Chama imara hudai zaidi: mafunzo, kazi nyingine, na saa pungufu kwa ujira uleule.

Tatu, tutunge hadithi zetu. Bulletini hii ina nafasi. Mchuma chai, mkata miwa, fundi wa saruji, mama wa sokoni, mwandikie mhariri kurasa mbili juu ya siku moja ya kazi katika mwaka 2060. Mashini gani iko hapo? Ni ya nani? Kipenga kinalia saa ngapi, na mtoto wako anakula nini jioni? Usione haya kwa sababu hukusoma sana. Hakuna msomi aijuaye kazi yako kuliko wewe.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mashini ni mgeni, na hatumfungii mlango. Lakini sharti la ugeni ni kwamba mwenyeji apone. Mgeni akija, na sisi tuwepo mlangoni, tukiwa pamoja.

Umoja ni nguvu.